Wimbo wa Cherehani ya Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi. Tangu nimalize shule nilikuwa nashinda nyumbani nikisubiri matokeo na kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi, mpaka Shangazi akachoka kunitazama. Leo amenipeleka anakofanya kazi yeye, karakana ya kushona sare za shule. Nitakuwepo msimu wote wa mvua, hadi shule zifunguliwe.

Ni vyumba viwili tu. Cha mbele kina cherehani tatu za kukanyaga na kabati la vitambaa. Cha nyuma kimezibwa na pazia, na huko ndiko mwenye karakana anakopiga pasi. Wote wanamwita Mama Pasi kwa sababu hamwachii mtu pasi ya mwisho. Shangazi anakata na kushona marinda. Pia kuna kaka mmoja mrefu aitwaye Vifungo, kazi yake matundu ya vifungo na maneno mengi. Mimi nimepewa cherehani ya dirishani. Ilikuwa imefunikwa shuka. Mama Pasi aliifunua mwenyewe, akaikunja shuka taratibu, akarudi nyuma ya pazia bila kuniambia kitu.

Hapa kuna amri moja. Spika ni moja na zamani waligombana sana, kwa hiyo kila asubuhi mtu mmoja anachagua wimbo, lakini kabla ya kuuwasha aseme kwa nini. Sababu kwanza, wimbo baadaye. Asiye na sababu apishe.

Leo ilikuwa zamu ya Vifungo. "Naweka huu wa ngoma nzito," akasema, "kwa sababu mke wangu amenuna, na kila ngoma ikilia najisikia nimemjibu."

"Si ungemjibu nyumbani, mwanamume wewe," Shangazi akasema.

"Nyumbani hakuna spika, dada."

Jumanne, 5 Machi

Nimeshona pindo nane za sketi. Mbili nimefumua.

Alhamisi, 7 Machi

Zamu yangu imefika. Wote wamegeuka kunitazama, hata pazia lilisogea kidogo. Nilikuwa na wimbo na nilikuwa na sababu, nilijiandaa tangu jana. Nikaitazama sindano ya cherehani. Nikasema, "Napisha."

"Bi Kimya kapisha," Vifungo akatangaza kama mtu anayesoma taarifa ya habari, na jina limeniganda hapo hapo.

Humu ndani naweza kusema. Asubuhi nilikuja nikisikiliza kinanda kwenye simu, hakina maneno hata moja. Sababu: nyimbo zenye maneno nazionea aibu, kama zinataka niitikie.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza. Bati linapiga kelele hadi tunaongea kwa mikono. Spika imewashwa lakini hatuisikii.

Nimesikiliza: nyimbo za gitaa ambazo Mama anazipenda. Sababu: nilitaka kunusa nyumbani.

Jumatano, 13 Machi

Sijui niandike vipi, nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua ilikuwa kubwa tangu asubuhi. Nilikuwa nashona kola, miguu inakanyaga, akili imetulia. Mara nikahisi sauti za chumba zimepungua. Nilipoinua kichwa, cherehani ya Shangazi ilikuwa imesimama. Vifungo alikuwa ameshika shati hewani kama anayelianika. Wote wawili walikuwa wananitazama.

"Nimefanya nini?" nikauliza.

Pazia likafunguka kwa nguvu. Mama Pasi alitoka na pasi mkononi, ya moto, waya unaburuta nyuma yake. "Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani, Mama?"

"Huo unaouimba!"

Sikuwa naimba. Niliapa kwamba sikuwa naimba. Vifungo, ambaye hukosa neno mara chache sana, akasema kwa sauti ndogo, "Umeimba, mdogo wangu. Tangu tumekunywa chai."

Mama Pasi alinitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akarudi, na muda mfupi baadaye tukasikia harufu ya kitambaa kilichoungua.

Alhamisi, 14 Machi

Njiani Shangazi amenieleza, tumejibana chini ya mwavuli mmoja.

Cherehani ya dirishani ilikuwa ya binti wa Mama Pasi, mtoto wa mwisho, wakimwita Kitinda. Aliugua mvua za mwaka jana akafa kabla hazijaisha. Alikuwa na wimbo wake, aliutunga mwenyewe akiwa anashona, hauna maneno, ni sauti tu. Kila mara walimdai sababu, maana amri ni amri hata kwa mtoto wa mwenye karakana. Naye akijibu, "Subirini niumalize. Sababu iko mwishoni." Akafa hajaumaliza, au ameumaliza na hakumwambia mtu.

"Tangu azikwe hakuna aliyeuimba," Shangazi akasema. "Hata kwa bahati mbaya. Tuliona tutamuua mama yake. Sasa wewe hukuwahi hata kumwona."

"Labda niliusikia mahali."

"Mahali gani? Ulikuwa wa mle karakanani tu." Akanikagua chini ya mwavuli kama anayekagua kitambaa chenye doa. "Usiogope," akasema. Yeye mwenyewe alikuwa anaogopa.

Jumamosi, 16 Machi

Mama Pasi ameipandisha spika juu ya kabati. Hakuna zamu tena. "Tumsikilize mtoto," amesema.

Nilidhani siwezi, sasa nikijua nasikilizwa. Lakini nikianza kukanyaga na mvua ikikolea, wimbo unakuja wenyewe. Siusikii ninapouimba. Nausikia ukiisha, kama unavyolisikia jokofu pale linapozima.

Vifungo alijaribu kunirekodi kwa simu yake. Tulipoisikiliza ilikuwa ni bati tu.

Jumatano, 20 Machi

Wimbo umerefuka. Kuna kipande kipya kinachopanda juu, na Mama Pasi aliposikia akaketi sakafuni palepale na nguo zake safi.

Nitaandika ukweli ingawa unanitia haya. Nafurahi. Shuleni niliketi nyuma miaka yote na mwalimu mmoja alinisahau kwenye orodha. Hapa watu wazima wanaacha kazi kunisikiliza. Mama Pasi ananiletea chai kwa mkono wake. Ameniambia, "Mwanangu, wewe ni mgeni niliyemwomba." Hakuna mtu amewahi kuniomba mimi.

Nimesikiliza: hakuna, nilisahau simu nyumbani. Sikuitafuta.

Ijumaa, 22 Machi

Baridi. Mama Pasi amenivika sweta la kijivu lililokuwa la Kitinda. Limenikaa sawasawa hata mikononi. Vifungo alipoingia akasema "Kiti..." halafu akajitia kukohoa.

Nimegundua nakata uzi kwa mkono wa kushoto. Shangazi aliponiona akanihamishia mkasi mkono wa kulia, kama alivyonifanyia nilipokuwa mdogo.

Jumapili, 24 Machi

Leo Mama ameniita kutoka jikoni. Nilisikia vizuri kabisa. Aliita tena, na tena, mpaka akaja mlangoni na mikono imejaa povu. "Umeziba masikio? Nakuita mpaka majirani wanaitika!"

Sikuziba masikio. Nilisikia jina likiitwa na nikawa nangojea kumwona mwenye nalo aitike.

Sikumwambia hivyo. Nilisema nilisinzia.

Jumatano, 27 Machi

Nimeweka hedifoni nikasikiliza kinanda changu kile ninachokipenda. Nilikuwa nasikia vidole vikigonga vitu. Hakikuwa muziki. Nikajaribu gitaa za Mama, nazo vilevile, kama kusikiliza watu wakipanga vyombo chumba cha pili.

Nimesikiliza: hakuna. Sababu: sijui.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Kola.

Jumanne, 2 Aprili

Mama Pasi alikuja nyumbani kwetu baada ya kazi. Amekuja na biskuti na ombi. Anataka nikae kwake hadi mvua ziishe. Kuna chumba, kuna kitanda, na msimu ukiisha nibaki kama fundi wa kudumu, matokeo yakitoka yasitoke. "Umebaki mwisho tu," alimwambia Mama. "Kidogo sana. Nikiupata mwisho nitajua mwanangu alitaka kusema nini. Wewe ni mzazi, utanielewa."

Mama alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Pole sana, mama. Nakuelewa. Lakini huyu ni wangu, na bado yupo hai."

Shangazi akaingilia. "Wifi, maneno gani hayo kwa mfiwa?"

"Ndiyo hayo hayo. Wewe ndiye uliyempeleka huko. Alikwenda na sauti yake, karudi na ya nani? Hebu msikie anavyosema 'ahsante'. Hivyo ndivyo alivyosema maisha yake yote?"

Walinitazama wote watatu. Nilitaka kusema neno ili wasikie ni mimi. Niliogopa kufungua mdomo, maana sikuwa na hakika kitatoka nini.

Mama Pasi aliposimama kuondoka alinishika shavu. "Kesho kutwa," akasema. "Kesho, kesho kutwa. Utakuja tu. Naujua wimbo ulivyo, umekaribia."

Mama ameniambia nisirudi. Nimemwomba nimalizie oda tu, sare za watoto wadogo zinangojewa, naye amekubali kwa shingo upande. Ni kweli, zinangojewa. Lakini pia ni kwamba mkono wangu ulishaanza kukanyaga chini ya meza, nimesema mkono, ni mguu. Sasa hata viungo navikosea. Kitu kimoja najua: Mama Pasi akiupata mwisho kutoka kwangu, sidhani kama nitabaki na chochote changu cha kwenda nacho nyumbani.

Alhamisi, 4 Aprili

Sindano imenichoma kidole, ikaingia na kutoka upande wa pili. Vifungo ndiye aliyezungusha gurudumu kuitoa, huku amefumba macho yeye na si mimi. Shangazi akanifunga kitambaa akaniketisha kwenye gunia la mabaki ya vitambaa. "Pumzika. Usiguse kitu."

Nikakaa. Sikukanyaga. Mdomo nilikuwa nimeubana kwa maumivu, meno yamegusana.

Na wimbo ukaanza.

Nilishika koo langu. Lilikuwa limetulia. Wimbo ulikuwa unaendelea chini ya mvua, mdogo, unapotea na kurudi. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikafanya kile ninachokijua tangu shuleni, nikakaa kimya nikatazama watu.

Vifungo alikuwa ameinama na pini tano mdomoni. Pini zilikuwa zinatetemeka. Alikuwa anaimba kupitia katikati ya pini. Alipofika mwisho wa tundu akanyamaza, na palepale Shangazi akapokea, kwa puani, akivuta marinda, miguu yake ikigonga mwendo uleule. Shangazi akasita kukata uzi, Vifungo akadaka. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaofikiria chakula cha jioni.

Kumbe ulikuwa humu siku zote. Waliupiga marufuku, kwa hiyo hawausikii wanapouimba. Mimi niliingia na masikio mapya na mdomo mtupu nikaubeba.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimewaambia, Mama Pasi akiwa ametoka kununua mkaa wa kuchemshia chai.

"Mimi?" Shangazi akasema. "Mimi niuimbe? Mtoto huyu kidole kimempanda kichwani."

"Shangazi, umeuimba sasa hivi. Kabla sijaanza kusema."

Vifungo akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Aliinama, akakanyaga cherehani yake pole pole, akasikiliza mguu wake mwenyewe. Aliutoa haraka kwenye kanyagio kama lina moto. "Dada," akamwambia Shangazi. "Huu mwendo. Mguu wangu unajua huu mwendo."

Niliona wamezeeka kidogo, na nikawapenda zaidi kuliko jana. Nilikuwa nimewadhani watu waliosahau.

Halafu Vifungo akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia. "Sawa, mwanzo umeutoa kwetu. Na kile kipande cha juu? Hicho sisi hatukukijua. Kitinda hakuwahi kukiimba hapa mbele."

Sote tulitazama pazia. Halikuwa na mtu nyuma yake. Lilikuwa linapumua tu na upepo wa mlango.

Jumanne, 9 Aprili

Mama Pasi ametoka na kiti chake, amekiweka karibu na cherehani ya dirishani. Ameketi, mikono magotini, kama mgeni aliyewahi harusini.

"Leo, mwanangu. Leo utaumaliza. Keti."

"Mama," nikasema, "mimi sina mwisho."

"Unao. Keti, Kitinda."

Alilisema jina waziwazi. Shangazi akaguna. Nami, na hili ndilo lililonitisha kuliko yote, nilihisi nimeitwa. Nilipiga hatua moja kuelekea kwenye kiti. Kidole kilichochomwa kikagonga ukingo wa meza, maumivu yakapanda mpaka kwapani, nayo yalikuwa yangu kabisa.

"Naomba wote tunyamaze," nikasema. Sijawahi kuwaamuru watu wakubwa. "Miguu chini. Midomo ifungwe. Na mimi nitaifunga. Mama, sikiliza nani anaimba."

Vifungo aliweka miguu yote miwili sakafuni. Shangazi aliziba mdomo kwa kanga ya mabega yake. Mimi niliuma kola ya sweta. Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kwenye ndoo.

Ukaanza. Mwanzo, ule tunaoujua. Kisha kipande cha juu. Ulikuwa unatoka kwa Mama Pasi. Midomo yake haikufunguka. Alikuwa ananitazama, anangojea, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka chini ya ngozi kama kitu kinachotafuta mlango. Ulipita kipande cha juu ukaingia mahali ambapo hatujawahi kufika hata mmoja wetu. Ukashuka. Ukatulia. Ukaisha.

Najua ulikuwa mwisho. Sote tulijua, Vifungo alikuwa analia wazi kama mtoto.

Mama Pasi akatazama huku na huku. "Mbona mmekaa tu? Anza basi."

"Mama, umeimba," nikasema. "Umeimba wote. Umeumaliza."

Alicheka kwanza. Kisha akaona uso wa Vifungo. Akamgeukia Shangazi, na Shangazi akaitikia kwa kichwa, kanga bado mdomoni. Mama Pasi akashika koo lake kwa mikono miwili.

"Aliniimbia hospitali," akasema polepole. "Siku zile za mwisho. Nilikuwa nimeketi kando yake nimechoka, nilikuwa nasinzia. Niliamka amenyamaza. Nilijua kuna kitu nimekikosa." Akanishika mkono. "Ulikwishaje? Niimbieni. Mmoja wenu, mwisho tu."

Tulijaribu. Mungu shahidi, tulijaribu mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa umekwisha kupotea. Kila tulipokaribia, tulijikuta tumerudi mwanzoni.

Jumatano, 10 Aprili

Ametuambia tumshtue akianza. Tumemshtua, na kila tukimwambia "Mama, sasa!" unakatika palepale, naye hajasikia kitu. Kuna saa alituomba tumnyamazie, akajitega mwenyewe. Haukuja. Jioni macho yake yalikuwa ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Sijui nimfanyie nini. Ningeweza kuondoka. Nimevua sweta na kulikunja.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua ya leo ilikuwa ya mwisho mwisho, ile nyembamba. Sare zote zimekwisha isipokuwa za pasi. Shangazi na Vifungo walikuwa wanafunga mafurushi, na nyuma ya pazia tukausikia umeanza.

Vifungo alitaka kumwita. Nilimzuia.

Niliingia nyuma ya pazia. Mvuke ulikuwa mwingi. Mama Pasi alikuwa amenipa mgongo, pasi inakwenda na kurudi kwenye shati dogo. Nilijua ninachokwenda kufanya na nilijua kinaweza kunichukua. Nilisimama karibu naye, bega kwa bega, nikaanza kuimba pamoja naye. Safari hii kwa makusudi. Safari hii nilikuwa najisikia, sauti yangu yenyewe, nyembamba, yenye mikwaruzo, ile ambayo nimeifichia watu tangu nikiwa mdogo. Nilimfuata nyuma kidogo, kama unavyomfuata mtu kwenye njia usiyoijua, nikikanyaga alipokanyaga.

Alinisikia. Pasi ilisita. Niliogopa utakatika, nikaongeza sauti. Hakugeuka. Aliendelea, nami nikaendelea, na nikaona masikio yake yakisikiliza kwangu kile ambacho koo lake lilikuwa linatoa. Tulipanda kipande cha juu. Tukashuka upande wa pili, pale ambapo nilikuwa sijawahi kufika nikiwa na akili zangu. Pale chini wimbo unafanya kitu kidogo sana. Unarudiarudia sauti mbili, moja ya chini na moja ya juu, kama mtu anayeamshwa taratibu na mtu asiyetaka kumshtua. Kisha unamwacha alale.

Mama Pasi akaisimamisha pasi wima.

"Aliniona nimesinzia," akasema. "Akaniacha nipumzike."

Hatukuangaliana. Nilikuwa najitafuta, naanzia miguuni kwenda juu, nihakikishe nimebaki kiasi gani.

Akanigeukia. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni aliyemkaribisha mwenyewe, kisha akaniita jina langu, lile nililopewa na Mama, ambalo hakuwahi kulitamka tangu nifike.

Ilinichukua muda kidogo. Lakini niliitika mimi.